Kuzamia kwa helmeti ya shaba: huduma niliyopewa, na usalama wake

Watu huuliza kama kuzamia kwa helmeti ya shaba, ile inayoletewa hewa kutoka juu kwa mpira mrefu, kunafaa na ni salama. Nianze na jibu, maana najua ndilo linalotafutwa: kunafaa kujaribiwa, na mtu mwenye afya nzuri anaweza kushuka na kupanda bila tatizo, ikiwa kina ni kifupi na walio juu wanaijua kazi yao. Hilo la walio juu ndilo nitakalokaa nalo zaidi. Vazi hili halina mtungi wa akiba mgongoni, halina saa ya kukuonya, na ukishavishwa huwezi hata kuvua buti bila kusaidiwa. Uhai wako umo mikononi mwa watu wawili watatu waliosimama jukwaani, kwa hiyo ukitaka kuipima huduma hii, wapime wao.

Mimi ni mzamiaji wa siku nyingi, wa kutumia mtungi wa hewa mgongoni. Chama kimoja cha wapenzi wa vifaa vya zamani huandaa siku za majaribio kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji baridi, penye jukwaa la mbao, ngazi pana ya chuma, na sakafu iliyo chini kama mita tano hivi. Vifaa vyao ni vya mtindo wa Mark V, ile helmeti ya Jeshi la Majini la Marekani iliyoanza kutumika miaka ya 1910 na kudumu kazini hadi miaka ya 1980. Asili ya vazi lenyewe ni ya zamani zaidi: ndugu wawili Waingereza, John na Charles Deane, walianza na helmeti ya kuingilia kwenye moshi wa moto, iliyopata hataza mwaka 1823, kisha wakaigeuza iingie majini. Augustus Siebe, fundi Mjerumani aliyeishi London, ndiye aliyeiunganisha helmeti na suti iliyozibwa kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1830.

Kuvishwa kulichukua muda mrefu kuliko kuzamia kwenyewe. Kwanza unavaa nguo za sufu, soksi juu ya soksi, halafu unaingia kwenye suti kupitia shingoni. Suti ni turubai mbili zenye mpira katikati, ngumu, nzito, yenye harufu ya mpira uliokaa stoo. Kwa kuwa vikono vyake vinabana sana, walinipaka maji ya sabuni viganjani, mmoja akatanua mpira kwa vidole huku mwenzake akinisukuma mkono upite. Kisha likaja bamba la mabegani, pande zito la shaba lenye bolti 12 pembeni. Ukosi wa suti una matundu, na kila tundu linavishwa kwenye bolti yake. Juu ya ukosi vinawekwa vipande vinne vya shaba vilivyopinda, halafu nati, halafu spana.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Dada aliyekuwa ananifunga hakuzikaza nati kwa kufuata mduara. Alikaza moja ya kifuani, akaenda mgongoni, akarudi bega la kulia, akahamia la kushoto, ili mpira ubanwe sawasawa pande zote. Alipomaliza alipitisha kidole kwenye ukingo mzima, polepole, akitafuta mahali ukosi ulipojikunja. Alipata mahali pamoja, nyuma ya bega la kushoto. Akalegeza nati tatu, akaunyoosha mpira, akaanza kukaza upya. Hakuna aliyemharakisha, ingawa watu walikuwa wakisubiri zamu.

Uzito nao usiudharau. Buti moja ni kilo nane hivi. Mkanda wenye vipande vya madini ya risasi ni kama kilo 38, umening'inizwa kwa mikanda ya mabegani. Helmeti pamoja na bamba lake ni kilo 25. Vazi zima hufika karibu kilo 86, na hapo bado hujajihesabu mwenyewe. Mwenye mgongo mbovu au magoti yanayomsumbua asijidanganye kwamba maji yatamsaidia. Maji yatamsaidia akishafika, lakini ngazi ataishuka na kuipanda akiwa na mzigo huo. Sisi tulipewa fomu ya afya kabla ya lolote, na mmoja wetu aliyekuwa na mafua alizuiwa kuzamia siku hiyo. Alisikitika, lakini walifanya sawa. Ndani ya helmeti huwezi kubana pua ili kuzibua masikio. Unameza mate, unapiga miayo, unachezesha taya, au unaisukuma pua kwenye ukingo wa ndani. Mwenye mafua angeumia kabla hajafika mita tatu.

Helmeti huja mwisho. Inashushwa ikiwa imegeukia upande kidogo, kisha inazungushwa sehemu ya nane tu ya mduara, na meno yake yanashika kwenye meno ya bamba. Nyuma kuna komeo dogo linaloizuia isijizungushe na kufunguka. Msimamizi, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi hii kwa ajira, alimwita mtu wa pili aje aliguse komeo hilo kwa mkono wake na kutamka kwa sauti kwamba limefungwa. Wakati huo kioo cha mbele kiko wazi bado. Hewa inafunguliwa kwanza, unaisikia ikikupuliza usoni, ndipo kioo kinafungwa. Mpangilio huo haujadiliwi. Mtu akitaka kukufungia kioo kabla hewa haijaanza kuingia, mkatalie.

Majini sasa. Ukishuka ngazi, maji yanaanza kukukamata miguuni: turubai inajibandika kwenye mashavu ya miguu, kisha mapajani, kisha tumboni, na yale madude yote uliyokuwa ukiyabeba yanapotea uzito kiasi kwamba unashangaa. Ukisimama chini, hewa inakaa kifuani na kichwani, nawe unatembea umeinama mbele kana kwamba unasukuma mkokoteni. Tope linapanda kila unapoburuta buti. Helmeti haigeuki pamoja na kichwa, kwa hiyo unatazama dirisha la mbele, kisha la kulia, kisha la kushoto, na lile dogo la juu. Vioo vikipata ukungu kuna bomba dogo mbele unalolifungua: unavuta maji kidogo mdomoni na kuyatemea kioo. Nililijaribu. Kioo kilisafika papo hapo, na yale maji baridi mdomoni yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Kitu ambacho picha hazikuelezi ni kelele. Hewa inavuma ndani ya ile shaba bila kukoma. Simu imo ndani ya helmeti, lakini ili umsikie msimamizi sawasawa lazima upunguze hewa, na ukishaipunguza hutakiwi kupiga soga. Ndiyo maana ishara za kuvuta kamba, ile inayomuunganisha mzamiaji na mshika kamba aliye juu, hazijapitwa na wakati. Kwa utaratibu wa jeshi la majini la Marekani, mvuto mmoja kutoka juu mzamiaji akiwa chini ni swali: uko salama? Naye anajibu kwa mvuto mmoja. Mivuto minne kutoka chini ni kwamba nipandisheni. Minne mara tatu, yaani nne, nne, nne, ni kwamba nipandisheni sasa hivi. Tulifanyishwa mazoezi ya ishara hizo tukiwa nchi kavu, tumefumba macho, mpaka msimamizi akaridhika. Mshika kamba wangu aliniuliza kwa mvuto mmoja mara kwa mara, na nilipochelewa kidogo kujibu kwa kuwa nilikuwa nikihangaika na bomba la kutemea maji, simu ililia papo hapo.

Sasa tuingie kwenye hatari zenyewe, maana ziko za aina yake na mzamiaji wa mtungi hazijui.

Ya kwanza ni hewa chafu. Kwenye mtungi unavuta na kutoa, na pumzi iliyotoka inaenda zake. Kwenye helmeti pumzi yako inabaki mlemle mpaka hewa mpya iisukume nje. Hewa ikipungua, hewa ukaa inajikusanya: unaanza kuhema, kichwa kinauma, akili inakuwa nzito, na ukizidi kujitahidi ndivyo unavyozidi kuitengeneza. Zamani watu walidhani kuchoka kule kwa wazamiaji kunaletwa na uzito wa maji. Mwanafiziolojia J. S. Haldane, akifanya kazi na jeshi la majini la Uingereza, alionyesha kwamba kinachowachosha ni hewa ukaa, na kwamba pampu lazima itoe hewa nyingi zaidi kadiri mzamiaji anavyoshuka. Kiasi kinachotosha juu kinatakiwa kiwe mara mbili kwenye mita 10, mara tatu kwenye mita 20, mara nne kwenye mita 30. Kwenye mita tano tatizo ni dogo, lakini msimamizi wetu alitukumbusha kila baada ya muda kusimama, kufungua hewa kwa wingi na kuisafisha helmeti kabla ya kuendelea. Wafuate wanapokwambia hivyo, hata kama unajisikia vizuri.

Ya pili ni kubanwa, na hii ndiyo inayonitisha mimi. Tuseme mpira wa kuletea hewa umepasuka juu ya maji nawe uko mita 10 chini. Hewa ya ndani ya helmeti inakimbilia juu kwenye presha ndogo, wakati maji yanaisukuma suti kwa nguvu ya tani 10 kwa kila mita ya mraba. Suti inaminyika, helmeti haiminyiki. Mwili ndio unaosukumwa kuelekea kwenye shaba. Kinachozuia janga hilo ni valvu moja ndogo pale mpira unapoungana na helmeti, inayoruhusu hewa iingie na kuikataza isirudi. Haionekani kwenye picha, haina mvuto wowote, na ndiyo ya kwanza kuulizia. Pale chamani waliipima mbele yetu kabla ya kila mzamiaji: mpira ulichomolewa, msimamizi akaweka mdomo wake kwenye tundu la kuingizia hewa na kuvuta kwa nguvu zote. Haikupita hata pumzi. Akaandika kwenye daftari, saa na jina la mzamiaji, ndipo mpira ukarudishwa.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kwenda mahali pengine, ambapo sipataji, nikauliza valvu hiyo ilipimwa lini. Nikajibiwa kwamba haijawahi kuharibika. Nilishukuru nikaondoka. Valvu ambayo haijawahi kuharibika na valvu iliyopimwa asubuhi hii ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayeichanganya tofauti hiyo hapaswi kumfungia mtu nati.

Kubanwa kunaweza pia kuletwa na kuanguka. Kutoka juu ya maji hadi mita 10 presha inaongezeka mara mbili, lakini kutoka mita 30 hadi 40 inatoka nne kwenda tano tu. Kwa hiyo anayeteleza kwenye ngazi karibu na uso wa maji yuko hatarini kuliko anayeteleza mbali chini, kwa kuwa hewa haiwahi kujaza nafasi inayominywa. Shuka ngazi hatua kwa hatua, usiruke hata ukiona sakafu iko karibu, na mshika kamba asiache kamba ilegee.

Ya tatu ni kinyume chake, kufura. Hewa ikiingia nyingi kuliko inayotoka, suti inajaa, mikono inatanuka kwa nguvu na hufikii tena valvu. Unapanda juu kwa kasi, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyotanuka na kukuongezea kasi. Mtu aliyekaa kina kirefu akifyatuka juu namna hiyo anaweza kupata ugonjwa wa mgandamizo, yaani gesi kufanya mapovu mwilini kwa kupanda haraka, na mapafu yake yanaweza kupasuka akizuia pumzi. Hata kwenye maji mafupi mapafu hayasamehe. Mark V ina kinga tatu. Valvu ya kuingizia hewa iko kifuani upande wa kushoto, mkono unaifikia kirahisi. Ya kutolea iko upande wa kulia wa helmeti, na ndani yake kuna kitufe unachokibonyeza kwa kidevu kumwaga hewa haraka bila kutumia mkono. Kisha miguu ya suti hufungwa kwa kamba nyuma, toka kwenye mashavu ya miguu hadi mapajani, ili hewa isiende huko. Ukiinamia sana hewa ikakimbilia miguuni, unaweza kupinduka miguu juu kichwa chini, na hapo kidevu na valvu vinapoteza faida.

Hapo nina lawama. Mtu aliyenitangulia alifungwa miguu ovyo, kamba zikalegea, na mshika kamba ndiye aliyegundua alipokuwa tayari kwenye ngazi ya kwanza. Walimrudisha, wakafunga upya, na sikuona aliyeudhika. Ila ukaguzi ule ulitakiwa ufanyike akiwa bado kigodani, na orodha yao ya kukagua haikuwa na kipengele cha miguu. Niliwaambia. Mzee aliandika kwa kalamu palepale, chini ya mstari wa mwisho.

Mengine yalikuwa mazuri. Hewa ilitoka kwenye kompresa, na pembeni kulikuwa na mitungi mikubwa iliyounganishwa tayari, inayofunguliwa kwa kugeuza mkono mmoja. Mzamiaji wa akiba alikaa ukingoni muda wote akiwa amevaa, kakosa barakoa tu usoni. Kila aliye majini alikuwa na mshika kamba wake, na huyo hakuruhusiwa kufanya lingine lolote, hata kupiga picha. Walinikatalia kushuka hadi kwenye shimo la mita tisa lililo karibu, nami naona wamefanya vyema kwa mtu wa mara ya kwanza.

Kina, na walio juu, ndivyo vinavyoamua mambo mengi katika historia ya vazi hili. William Walker alifanya kazi chini ya Kanisa Kuu la Winchester tangu 1906 hadi 1911, akitia msingi mpya gizani kwenye maji yasiyozidi mita sita hivi, na alimaliza salama. Wavuvi wa sifongo wa kisiwa cha Kalymnos walilipokea vazi hilohilo miaka ya 1860, wakashuka nalo mbali sana na kupanda moja kwa moja, na wengi walikufa au kupooza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jedwali la kuwaambia wapande kwa vituo. Jedwali hilo Haldane na wenzake walilichapisha mwaka 1908. Na aliyekuwa mmoja wa wazamiaji katika majaribio yake, Guybon Damant, ndiye aliyekuja kusimamia uopoaji wa dhahabu ya meli ya Laurentic, karibu na pwani ya Ireland, tangu 1917 hadi 1924: mita 40 hivi, vipande 3,186 vya dhahabu kati ya 3,211, na hakufa mzamiaji hata mmoja. Shaba ni ileile. Waliokuwa juu ndio walikuwa tofauti.

Malalamiko yangu mengine ni madogo. Tulikuwa wengi kwa siku moja, na muda wa kila mtu chini ulikuwa mfupi kuliko hamu. Sufu waliyotuazima ilikuwa imelowa jasho la waliotangulia. Kila mtu ashauriwe aje na yake. Vikono vya mpira vilinivujia kidogo mkono wa kulia kwa kuwa viganja vyangu ni vyembamba, na hawakuwa na pete za akiba za kukazia.

Onyo la mwisho ni kwa wanaotaka kununua yao. Helmeti nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi ni mapambo ya sebuleni. Zinang'aa, zina bolti, zina vioo vitatu au vinne, lakini viungo vyake havikutengenezwa vistahimili presha na mara nyingi ndani hamna valvu ya kuzuia hewa kurudi. Usiingie nayo majini, hata kwenye bwawa la kuogelea. Za kazi bado zinatengenezwa, kampuni ya DESCO ya Milwaukee, Marekani, ni mmoja wa wenye kuzitengeneza, na helmeti kuukuu za watengenezaji wa zamani kama Siebe Gorman au Morse zinaweza kuzamiwa zikishapitiwa na fundi anayejua kuzipima. Wa kumwendea wapo: Historical Diving Society, chama cha historia ya uzamiaji, ilianzishwa Uingereza mwaka 1990, ikafuatiwa na ya Marekani, na wanachama wake huvizamia vifaa hivi na kuvitunza.

Mimi nimeomba kurudi, na safari hii sikuomba nafasi ya kuzamia. Nimeomba nifundishwe kushika kamba. Wamenikubalia, kwa sharti kwamba nianze na nati na ukosi, chini ya yule dada.